Dresa na Vyungu Vyake

Ukifika zahanati yetu miaka ile, kabla hujamwona mgonjwa wala kunusa dawa, ulikutana kwanza na vyungu. Vilipangwa barazani, kumi, kumi na viwili, msimu wa mvua hata ishirini, kila kimoja kimefunikwa kigae na kigae kimefungwa kwa kamba ya ukindu. Ndani ya kila chungu mlikuwa na mnyama atambaaye, yu hai, na juu ya kila kigae Dresa aliandika kwa mkaa: bafe, swila, kenge, sijui. Hiyo "sijui" ndiyo iliyotutia hofu kuliko zote. Wagonjwa walikaa kwenye benchi la upande wa pili, magoti wameyabana, macho hayaondoki kwenye zile kamba.

Jina lake sitalitaja. Kwetu hakuna aliyelitumia, na nadhani wengi hawakulijua. Alikuwa Dresa, yule afungaye vidonda na kupiga sindano, na kwa kuwa daktari hakuwahi kufika kwetu ila mara moja, tena akiwa amepotea njia, Dresa ndiye aliyekuwa kila kitu. Kwao ni Munje, pwani ya Msambweni, watu wa samaki na minazi. Serikali ya Mzungu ilimleta kwetu nyika, nyuma ya vilima vya Kwale, penye uwanda wa majani yanayofika kiunoni baada ya masika na kugeuka makavu yanayokatakata miguu ukifika mwezi wa pili. Aliletwa kwa miaka miwili. Alikaa kumi na tisa. Naitaja hesabu hiyo mapema ili mjue: mtu huyu alitaka kwenda kwao, hakwenda, na katika sababu zilizomzuia, ile kubwa ni mimi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya zahanati. Nilisoma misheni, nikarudi kulinda ng'ombe wa baba, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko uliosifiwa hata na mapadri, kila barua iliyotoka kijijini ilipita mkononi mwangu. Dresa aliniita Katibu, nami nilimwita Dresa. Tuliitana hivyo hata tulipokuwa wawili tu tukinywa chai.

Vile vyungu vilianzia katika adabu zetu. Kwetu mtu akiumwa na nyoka hatusemi nyoka. Tunasema ameumwa na mdudu, kwa sababu ukimtaja unamwita arudi. Basi Dresa, mgeni, katika mwaka wake wa kwanza alikuwa akiletewa mtu aliyevimba mguu mpaka paja, naye anauliza, "Ameumwa na nini?" Wanajibu, "Mdudu."

"Mdudu gani? Siafu ni mdudu. Mbu ni mdudu. Niambieni, nijue la kufanya!"

Wanatazamana. Mmoja anapima kwa mikono urefu wa kitu, mwingine anavimbisha shingo kumwonyesha swila. Wenye moyo wa kusaidia walimletea mnyama mwenyewe, lakini kichwa kimepondwa kwa mawe mpaka hakitambulikani. Siku moja alikinyanyua kitu kama hicho kwa ncha ya fimbo akawauliza, "Mmeniletea ushahidi au mmeniletea ugali?" Tangu siku hiyo akatoa amri: asiletewe tena mfu. Aletewe aliye hai, ndani ya chungu, na aliyemleta aeleze amemtoa wapi na alikuwa akifanya nini. Nyika nzima ilicheka. Kisha nyika nzima ikaanza kuleta vyungu.

Alikuwa na daftari. Humo aliwachora wote kwa penseli, kila mmoja na mabaka yake, na chini ya picha akaeleza uvimbe wake, homa yake, na muda anaompa mtu. Bafe hulala njiani wala hakimbii, ndiyo maana huuma wachunga mbuzi. Swila hutema mate machoni, na dawa yake ni maji, maji mengi, si maziwa ya mbuzi wa jirani. Guruguru, mjusi yule mnene wa mashimoni, hana sumu hata tone. Kinyonga naye hana neno na mtu. Wanawake wetu wakimwona kinyonga hutupa kuni na kukimbia, basi Dresa alimweka mmoja juu ya kofia yake ya kitambaa akawa anawapimia watu dawa, kinyonga akizungusha macho, mpaka foleni yote ikahamia chini ya jua.

Wachungaji walishikilia kwamba kenge hunyonya mbuzi, ndiyo maana maziwa hupungua. Dresa alikataa. Wakabishana wiki nzima. Mwisho akamtia kenge katika zizi dogo pamoja na mbuzi mwenye kunyonyesha, akawaalika wazee wakae tangu asubuhi. Mbuzi alikula majani. Kenge alizunguka zizi akitafuta pa kutokea, akakuta yai la kuku, akalila, akalala. Ilipofika alasiri mwenyekiti wa kamati yetu, mzee mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, alisimama akapangusa msuli wake.

"Amewaonea haya wageni," akasema, akaenda zake.

Dresa alicheka mpaka akashika nguzo. "Nimeshindwa! Katibu, andika kwamba nimeshindwa!" Sikumwona akicheka namna hiyo mara nyingi. Kwa kawaida alikuwa mtu wa hasira za karibu, anayefoka kwanza kisha anakufunga kidonda kwa mikono laini ajabu. Alituita wanywa maji ya ng'ombe, nasi tukamwita mla ng'onda, maana kila msafiri aliyetoka pwani alisimamishwa mlangoni pake na kuulizwa kama ana samaki mkavu, hata kichwa tu.

Hakuua hata mmoja katika wale wa vyungu. Jambo hilo watu hawakulijua, nami nililijua kwa kumfuata. Kila Alhamisi asubuhi alitundika vyungu viwili au vinne kwenye mzega, akauweka begani na kwenda nao ng'ambo ya bwawa la ng'ombe, mbali kabisa, mahali pasipopita mifugo. Siku niliyomfuata nilimkuta amechuchumaa katika majani, anafungua kamba kwa ufito, anakilaza chungu kwa ubavu na kurudi nyuma hatua saba. Swila alitoa kichwa, akakaa kidogo, akaingia majanini.

"Dresa, mbona unawaachia?"

Hakushtuka. "Nimewauliza nilichotaka kujua, wamenijibu. Sasa niwazuie kwa kosa gani?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake wa kila siku. Leo nikikumbuka kicheko changu kile naona haya.

Mtu huyo ambaye kidole chake kilimgusa bafe utosini bila kutetemeka alikuwa anaogopa chura. Si kidogo. Alimwogopa kwa roho yake yote. Katika nyika yetu kiangazi humwoni hata chura mmoja, wamejifukia chini ya udongo mgumu, lakini mvua ya kwanza ikinyesha na bwawa likijaa, wanafumuka ardhini, wakubwa kama ngumi, wanapiga kelele mpaka wagonjwa hawasikiani. Siku hizo Dresa alifanya kazi akiwa juu ya kiti, miguu ameikunja, na wagonjwa ndio waliomsogelea. "Nyoka ana akili," alinieleza. "Akikusikia anaondoka. Akikuuma ana sababu yake. Huyu mwingine anaruka tu! Anaruka kwenda wapi? Hata mwenyewe hajui."

Chura ndiye aliyemponza. Ulikuwa mwaka wake wa saba. Mama mmoja alileta chungu kutoka mbali, mwendo wa siku nzima, na alipoulizwa ana nini alijibu kwa adabu, "Mdudu, Dresa." Aliyemo alikuwa bafe mnene, na Dresa alilijua hilo kwa kusikiliza tu jinsi anavyopumua. Alifungua kamba taratibu kama kawaida yake. Jambo ambalo hakulijua, wala mama yule hakuona haja ya kulisema, ni kwamba ndani ya chungu alikuwa ametia na chura. Aliambiwa mnyama afike hai, na njia ilikuwa ndefu. Kwetu humpeleki mtu safari bila chakula.

Kigae kilipoinuka chura aliruka kifuani kwa Dresa. Dresa alirusha mkono. Bafe akauona mkono.

Alijitibu mwenyewe, akituamrisha kwa sauti ileile ya kufoka, na mama yule akilia kwamba alitaka kufanya wema. "Umefanya wema," Dresa alimwambia, jasho likimtoka. "Nyamaza sasa, nisikie ninavyohesabu." Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilioza, akakikata. Viwili vilivyofuata vilikakamaa. Aliweza kushika ufito, aliweza kupiga sindano kwa kushoto, lakini kalamu haikukaa tena mkononi. Daftari la picha likafungwa. Tangu hapo barua zake zote, za ofisini na za nyumbani, zikawa kazi yangu.

Nyumbani ni kwa mkewe, Mama Riziki, aliyebaki Munje na binti yao mdogo ambaye wakati ule hata shule hajaanza. Mama Riziki alikuja kwetu mara moja. Alikaa siku tatu, akaviona vyungu, akarudi kwao. Simlaumu. Kila mwaka Dresa alipata likizo fupi akaenda, akarudi na ng'onda na uso mrefu. Tulikaa barazani yeye akisema, mimi nikiandika: nimepata salamu zenu, Riziki amekua kiasi gani, mpime kwa kamba unitumie kamba. Kamba zikaja, na alizitundika ukutani, moja chini ya nyingine.

Hakupanda mti. Majirani walimpa miche, akaigawa. Alipanda kunde na mchicha, vitu vya msimu mmoja, na ukimwuliza alisema, "Nikipanda mwembe nitakuwa nimekubali." Chumba chake kilikuwa na kitanda, mkeka wa swala na msumari wa kutundikia kanzu. Miaka kumi alikaa hivyo.

Kisha bendera ikapandishwa. Mambo mengi yalibadilika na mengine tuliambiwa tu kwamba yamebadilika, ila kwa Dresa yalibadilika kweli: ofisi sasa ilikuwa na watu wetu, na mmojawao alisoma maombi yake ya zamani akamwandikia kwamba kuanzia mwezi ujao atahamia zahanati ya pwani, karibu na Munje. Ninaikumbuka siku ile. Alikuja kwangu mbio, yeye asiyekimbia, akanipa karatasi niisome kwa sauti ingawa alikwisha kuisoma mwenyewe. Nikaisoma. Akasema, "Tena." Nikaisoma tena.

Wiki hiyo aligawa majogoo yake matatu, sufuria, na kitanda. Aliwapeleka wanyama wa vyungu vyote ng'ambo ya bwawa na kuwaachia, mpaka baraza ikabaki tupu. Sikuwahi kuiona tupu. Ilikuwa pana sana.

Hapa lazima niseme habari ya binti yangu, Mbeyu. Mwaka mmoja kabla ya bendera, akiwa na miaka saba, alimkanyaga bafe akifuata mbuzi. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, mguu ukivimba huku nauona. Dresa alikuwa na chupa mbili tu za sindano ya nyoka, alizozihifadhi ndani ya mtungi uliofukiwa katika mchanga uliolowa maji, maana barafu hatukuwa nayo. Alizitumia zote mbili. Angeweza kubakiza moja kwa mtu mwingine, au kwa ajili yake mwenyewe. Siku nane hakutoka pale. Alimnywesha uji kwa kijiko, akamwimbia nyimbo za kwao ambazo Mbeyu hakuzielewa maneno, na siku ya tisa mtoto aliomba maembe. Leo Mbeyu ana watoto. Anachechemea kidogo akichoka.

Basi wazee walipokutana chini ya paa la shule kuzungumza habari ya kuondoka kwa Dresa, mimi sikuwa mtu wa kuandika tu. Nilikuwa na watoto wengine wanne wanaopita katika majani yale kila siku.

"Uhuru umekuja kutuchukulia dresa wetu," alisema mwenyekiti. "Tutaletewa kijana anayekimbia mjusi. Katibu, waandikie. Tia neno la kuwafunga mdomo."

Niliandika siku mbili. Sijapata kuandika barua nzuri kuliko ile, kabla wala baadaye. Niliweka majani marefu na watoto peku, niliweka mama aliyetembea siku nzima na chungu kichwani, niliweka mguu wa Mbeyu. Wazee waliposomewa, wawili walijifuta macho. Lakini usiku kucha nilihisi kuna pengo. Ofisini watauliza: na mwenyewe je? Asubuhi, kabla ya kuifunga bahasha, niliongeza mstari ambao hakuna mzee aliyeniomba na hakuna aliyeusikia: "Naye Dresa mwenyewe, kwa huruma aliyo nayo kwa watu hawa, ameridhia kubaki."

Ofisi ilijibu kwa maneno machache. Uhamisho umesitishwa. Sababu haikutajwa. Dresa aliikunja karatasi mara nne.

"Wamebadili nia," akasema.

Nikasema, "Pole, Dresa."

Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Watu walikuja kwa vigelegele, wakamrudishia majogoo yake, sufuria yake, wanne wakiwa wamebeba kitanda juu ya vichwa wakiimba. Alisimama mlangoni akapokea kila kitu, akamshukuru kila mmoja. Keshoye mtu alileta chungu. Sikupata kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye siku hiyo, na sikufumbua kinywa.

Mtasema ningeweza kurekebisha. Ningeweza. Dresa mwenyewe alinipa nafasi mara tatu, miaka mitatu mfululizo, alipoketi nami tuandike maombi mapya. Kusema barua za ofisi alikuwa hajui. Alitaja mambo makavu: nimetumikia miaka kadhaa, mke wangu yuko Munje, naomba kuhamishwa. Kisha aliniangalia.

"Katibu, tia na yale maneno yako mazuri."

"Ofisi haipendi maneno mengi, Dresa," nilimjibu. "Barua fupi ndiyo isomwayo."

Naye, aliyebishana na wazee kwa ajili ya kenge, alinikubalia mimi bila kubisha. Nikaandika mistari minne, kwa mwandiko uleule ambao tayari ulikuwa kwenye faili ukisema ameridhia. Jibu lilikuwa moja kila mwaka: yatazingatiwa nafasi ikipatikana.

Baada ya jibu la tatu Mama Riziki alidai talaka. Barua yake niliisoma mimi, kwa kuwa Dresa aliniambia macho yanamuuma. Alisema hamlaumu kwa umaskini wala kwa umbali, anamlaumu kwa kuchagua. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kusikia kwamba dresa wa nyika amependa nyoka zake na hataki kutoka. Neno hilo lilifikaje Munje sijui, lakini lilipoanzia najua. Dresa alinisikiliza mpaka mwisho, akaniamuru niandike kwamba amempa, na amwache Riziki aendelee kusoma. Hakuna zaidi. Wiki iliyofuata alichukua mche wa mndimu kwa jirani akaupanda nyuma ya zahanati. Nilipouona nilikaa chini palepale.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kusikitikiwa, na ningemdhulumu mara ya pili kama ningemwacha hivyo. Alifoka kama zamani. Aliwafundisha watoto wa shule kumtofautisha nyoka mla mayai, asiye na sumu, na bafe, maana wamefanana mabaka, na hakuna mtoto aliyekufa tena kwa kuchelewa kusema. Aliwashinda hata wazee: katika miaka ile ya mwisho walifika wakisema waziwazi, "Dresa, swila." Ila nilimwona akibadilika katika jambo moja. Zile safari za Alhamisi na mzega hakuziacha, ila alikaa kule muda mrefu baada ya kufungua vyungu. Wachungaji walimkuta amesimama katikati ya majani, hafanyi lolote, anatazama upande wa bahari ambayo kutoka kwetu haionekani.

Alistaafu, akaondoka juu ya lori la ng'ombe, bila ngoma. Aliniaga kwa kunishika mkono na ule wake wenye vidole viwili vilivyokakamaa. Hakuniandikia, wala sikumtarajia aandike.

Miaka minane ikapita. Siku moja mchuuzi wa ng'onda alifika kwangu na ujumbe: "Dresa anasema Katibu aende kumwona, aende na kalamu." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani amenikumbuka kwa wema.

Nilimkuta Munje, katika nyumba ya makuti ya marehemu dada yake, ameketi kitandani nje, amekonda, miguu imevimba. Mama Riziki alikwisha kuolewa tena na kufariki. Riziki ameolewa Kibuyuni, upande wa Shimoni, si mbali hata kidogo.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba, Katibu. Karibu. Mbeyu hajambo?"

"Hajambo. Ana wa tatu sasa."

"Alhamdulillahi." Alifurahi kweli, nikaona. Akaniuliza habari za mvua, za bwawa, za mndimu. Nikamwambia unazaa.

"Riziki haji," akasema. "Nimemtumia watu mara nne. Amewajibu kwamba baba yake alichagua alikotaka kukaa, na akae. Sitaki kufa hivyo. Nataka umwandikie."

Nikatoa karatasi na kalamu, nikaweka ubao magotini kama zamani. "Sema, Dresa. Ninaandika."

"Mimi sisemi. Siku ya kustaafu karani alinipa faili nichukue vyeti vyangu. Nikaisoma yote."

Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya nyumba. Niliwasikia kila mmoja.

"Barua nzuri," akasema. "Nililia niliposoma habari ya mama wa chungu. Nikafika kwenye mstari wa mwisho."

Nilimwambia nisamehe. Nilimtajia Mbeyu, nilimtajia wale watoto wengine wanne, nilimtajia majani. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza kila mgonjwa, bila kunikatiza.

"Hayo yote nayajua. Hata mimi ningekuwa wewe ningeogopa," akasema. "Lakini usiniambie mimi. Mwambie yeye. Andika kwa jina lako, si kwa langu."

Nikaandika salamu. Baada ya salamu nikaandika yaliyobaki, nikampa. Aliisogeza mbali na macho, akasoma kwa midomo.

"Hapa umesema, wazee walinituma. Wazee walikutuma neno hili?"

"La."

"Basi lifute."

Nikalifuta, nikaandika kwamba niliongeza mwenyewe, asubuhi, peke yangu, bila kuombwa, na kwamba baba yake hakuridhia hata siku moja. Akasoma tena. Safari hii hakukosoa kitu. Akaniambia nisimpe mchuuzi, niipeleke kwa miguu yangu, na niondoke sasa ili nifike mchana.

Nikamwuliza, "Dresa, atajuaje kwamba ni kweli? Hanijui."

"Ataujua mwandiko," akasema. "Amejifunzia kusoma humo. Miaka yote ile alidhani ni wangu."